Kumwarifu Mnunuzi Kabla ya Kupandisha Bei ya Umeme na Maji: Je, Ni Hisani au Ni Haki?

Mara nyingi watu wakutanapo barazani baada ya sala ya Isha huzungumza khabari za ankara za maji na umeme, na katika mazungumzo hayo swali huwa ni moja tu: bei imepanda kiasi gani? Hilo si swali baya, walakini liko swali jingine lililotangulia mbele yake, ambalo ni wachache waliulizao, nalo ni hili: je, auzaye umeme na maji anapokusudia kupandisha bei, yampasa kumwarifu mnunuzi angali anaomba ruhusa, au yamtosha kumwambia mambo yakiisha katwa? Na akimwarifu, je, amemfanyia hisani, au ametoa haki iliyokuwa juu yake kama deni?

Lililonifanya niandike ni jambo dogo. Katika mtaa nikaao yuko bibi mmoja mjane, aishiye kwa kuuza mikate ya kumimina na barafu za ukwaju. Mwezi mmoja ankara yake ya maji ilikuja imezidi, na yeye alijua hakuzidisha hata ndoo moja. Akaniomba nimsindikize ofisini. Ofisi yenyewe siitaji, kwani sikusudii kumtia mtu aibu. Kijana aliyekuwa dirishani akamwamkia vizuri, akazitazama hesabu, akamwambia, "Hapana kosa, bibi. Bei ilipanda tangu mwezi uliopita." Bibi akamwuliza, "Mwanangu, mbona hamkutwambia?" Naye akajibu kwa adabu, "Tulitangaza, bibi, ilikuwamo gazetini." "Gazeti gani?" Akamtajia gazeti la Kiingereza. Bibi akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, akasema, "Basi mlimwambia nani?" Kijana hakuwa na la kujibu, wala mimi sikuwa nalo. Akalipa, tukarudi.

Sasa yatupasa kwanza kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kujua bei kabla ya kununua ni jambo moja, na kujua ombi la kupandisha bei kabla halijakatwa shauri ni jambo la pili. Lile la kwanza halina ugomvi. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameweka katika masharti ya kuuza na kununua kwamba thamani ijulikane na wote wawili, na mauzo ambayo thamani yake haijulikani hayasihi. Na kila uniti ya umeme ipitayo katika mita, na kila debe la maji litokalo mferejini, ni mauzo mapya. Mtu akienda sokoni kununua samaki huuliza bei samaki angali juu ya meza, akiona ghali huenda zake. Lakini mita haiulizwi. Ukifungua mfereji umekwisha nunua, na bei utaiona mwisho wa mwezi. Basi kumwuzia mtu kwa bei mpya ilhali yeye angali akidhani ni bei ya zamani ni jambo ambalo hata mwenye kuliteteza kampuni atalionea haya kulitetea.

Ugumu uko katika jambo la pili. Mtu aweza kusema: mwuza samaki hamwarifu mtu kuwa kesho ataongeza bei, wala hatukumwona kuwa dhalimu, kwa nini mwuza umeme alazimishwe? Tena atasema kwamba Mtume (s.a.w.) bei zilipopanda Madina, watu walimwomba awawekee bei naye hakukubali, akaiacha soko iende kwa riziki ya Mwenyezi Mungu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mwuza samaki. Walakini soko la Madina lilikuwa na wauzaji wengi, na mnunuzi akiona huyu ghali alimwendea yule. Wanachuoni walioitazama mas-ala hii kwa undani waliiona tofauti. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, katika risala yake juu ya hisba alisema kwamba ikiwa bidhaa haiwezi kuuzwa illa na watu makhsusi waliopewa wao tu ruhusa, basi hao yapasa wawekewe bei ya uadilifu, kwani kuwaacha wauze wapendavyo ni kuwadhulumu watu. Na je, waya wa umeme mlangoni pako ni wa wangapi? Na bomba la maji? Ni wa mmoja. Huwezi kusema, "Huyu ghali, naenda kwa jirani yake." Ukimkimbia utakaa gizani, au utanunua maji ya mkokoteni ambayo bei yake imezidi ile uliyoikimbia.

Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeweka mwamuzi kati ya muuzaji na mnunuzi. Tanzania Bara ilitunga sheria ya mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, EWURA, mwaka 2001, na mamlaka yenyewe ikaanza kazi mwaka 2006. Kenya inayo mamlaka yake ya nishati na mafuta, EPRA, chini ya sheria ya mwaka 2019. Kampuni haijipandishii bei yenyewe, bali huenda kwa mwamuzi na kuomba.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwamuzi huyo, mpende au msipende, amekaa kiti cha kadhi. Mbele yake wako wagomvi wawili, mmoja ataka kuzidisha, na mwingine ndiye atakayelipa. Na katika hukumu tumefundishwa jambo ambalo hatta asiyekuwa Mwislamu hulikubali: Mtume (s.a.w.) alipompeleka Sayyidna Ali Yaman kuwa kadhi, alimwusia asimkatie mmoja wa wagomvi shauri mpaka asikie maneno ya wa pili kama alivyosikia ya wa kwanza. Basi tazama hali ilivyo katika mambo ya bei. Mgomvi wa kwanza amekuja na wahandisi, na mahasibu, na mawakili, na makaratasi ya kujaza gari. Mgomvi wa pili hayuko. Hayuko si kwa kuwa hana maneno, bali kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa kesi yake inasikizwa. Khabari ya ombi la kupandisha bei, ukiitazama vema, ni samansi. Na ni kadhi gani atakayemhukumu mtu deni la shilingi kumi bila ya kumpelekea samansi, kisha aseme kuwa kumpelekea ingekuwa ni hisani?

Tena liko jambo jingine katika sharia yetu lililo karibu zaidi na hili, nalo ni kule kukatazwa kuwalaki wenye misafara njiani. Mtu wa shamba aja na bidhaa yake, hajafika mjini, hajui bei ya soko. Mjanja wa mjini humtokea nje ya mji akainunua kwa bei aipendayo mwenyewe. Jambo hilo limekatazwa, na yule mwenye bidhaa akifika sokoni akaona mambo yalivyo, amepewa khiyari, akitaka huyavunja mauzo. Angalia sana: haikusemwa kwamba bei ya njiani lazima iwe mbaya. Yamkini ikawa nzuri. Lililokatazwa ni kuutumia ujinga wa mwenzio kuwa faida yako, kwa kumwahi kabla khabari haijamfikia. Basi wale wasemao, "Bei hii mpya ni ya haki, gharama zimezidi, basi kuarifu kwafaa nini?" hawajalijibu swali. Huenda bei ni ya haki kabisa, na dhulma ikawa pale pale, katika njia iliyopitiwa.

Sheria ya EWURA imelitambua jambo hili. Imesema kwamba kabla ya kuweka au kubadili bei, mamlaka sharti ifanye uchunguzi wa wazi, itangaze, na ipokee maoni; na imeweka baraza la ushauri la watumiaji wa huduma ili liseme kwa niaba yao. Na mambo yaliyopita yaonyesha kuwa kusikiza si mchezo mtupu. Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa ukame, maji ya bwawa la Mtera yakapungua, umeme ukawa wa mgao, na shirika la TANESCO likanunua umeme wa mitambo ya mafuta kwa gharama kubwa. Mwezi wa Novemba likaomba kwa dharura kupandisha bei 155 kwa mia. Mikutano ikafanywa, watu wakasema, na Januari 2012 likapewa 40.29 kwa mia. Mwaka 2013 likaomba 67.87 kwa mia, na kuanzia Januari 2014 likapewa 39.19.

Mtu atasema, basi maneno ya watu yameokoa zaidi ya 100 kwa mia. Mimi siendi upesi hivyo. Ajuaye soko ajua kwamba muuzaji atarajiaye kupunguziwa huanza kwa kutaja zaidi, na huenda makaratasi yenyewe, watu wasingalisema neno, yangalimwonyesha mwamuzi kuwa 155 hazistahili. Hata hivyo hesabu hizo zatuonyesha kwamba kati ya kuomba na kupewa pana nafasi, na nafasi hiyo si ndogo. Nayo yote hukatwa katika zile siku ambazo bibi yetu wa barafu hakuwa na khabari nazo.

Kisha kuna yale ya mwisho wa mwaka 2016, ambayo watu wengi wangali wakiyakumbuka, wala mimi siyakumbuki kwa furaha kama wengine. TANESCO iliomba 18.19 kwa mia. Mamlaka ikasikiza, ikakubali 8.5, na ikatangaza siku za mwisho za Disemba kwamba bei mpya yaanza tarehe 1 Januari 2017. Tazama kwanza ufupi wa wakati: mtu alala na bei moja, aamka na nyingine. Lakini kabla haijaanza, Waziri akaizuia, na siku ile ya mwaka mpya Rais akamwondoa Mkurugenzi Mtendaji wa shirika. Watu wakafurahi, na nani asiyefurahi bei isipopanda? Walakini mwenye kufikiri atajiuliza: wale waliokuja mikutanoni, waliotoa maneno yao kwa na dhidi, na mwamuzi aliyepima akakata chini ya nusu ya kilichoombwa, yote hayo yalikuwa na maana gani ikiwa neno moja kutoka juu litayafuta kwa siku moja? Leo neno hilo limekuja kwa faida ya mnunuzi. Kesho laweza kuja kwa khasara yake, na njia itakuwa ni ile ile. Na shirika lenye madeni halipungukiwi madeni kwa kuzuiwa bei, bali deni huhamishiwa mahali ambapo mnunuzi halioni, katika hazina ya umma au katika nguzo zisizotengenezwa, na hapo tena hapana amwarifuye mtu. Kwa hivyo mimi naona kwamba kuficha kupanda kwa bei na kuficha gharama isiyolipwa ni ndugu wawili, mama yao ni mmoja.

Sasa tutazame namna ya kuarifu, kwani hapa ndipo watu wengi hutoa haki kwa mkono mmoja na kuirudisha kwa mkono wa pili. Kutangaza kwa lugha asiyoijua mnunuzi si kutangaza. Kutangaza kwa hesabu za kitaalamu, kwamba wastani wa bei utapanda kwa kadha wa kadha kwa mia, si kutangaza kwa mtu ambaye wastani si wake. Katika jimbo la California huko Marekani sheria yailazimisha kampuni ya umeme au ya gesi inayoomba kupandisha bei iwapelekee wateja wake khabari yenyewe, na yaweza kuitia pamoja na ankara; na khabari hiyo itaje ongezeko kwa dola na kwa mia, yote mawili, na sababu yake kwa maneno machache, na anwani ya tume itakayokata shauri, ili atakaye aandike. Sisemi kwamba watu wa huko hawalalamiki, maana bei zao zapanda na wao hulia kama sisi. Nasema kwamba huko khabari humfuata mtu nyumbani kwake, na huku mtu huambiwa aifuate.

Na karibu na kwetu zaidi, Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2014 iliibatilisha sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, iliyowatoza watu ada mbali mbali, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kama ipasavyo. Jaji akasema kwamba wenye mamlaka yawapasa kutumia mahali pote ambapo watu hukutana, akataja makanisa, na misikiti, na mabaraza, na redio za lugha za wenyeji. Nilipolisoma hilo nilisimama kidogo. Misikiti yetu ina vipaza sauti, na mbao za matangazo mlangoni. Twatangaza maziko, twatangaza harusi, twatangaza mbuzi aliyepotea. Sijapata kusikia hata mara moja ikitangazwa kwamba wiki hii mtu yeyote aweza kwenda kusema neno lake juu ya bei ya maji. Hatukuletewa tangazo, ni kweli. Lakini pia hatukuliuliza.

Zaidi ya hayo, iko namna ya kupandisha bei bila ya kuigusa bei. Kenya, katika bei zilizoanza Aprili 2023, mpaka wa watumiao umeme kidogo, ambao hulipa bei ya chini kabisa, uliteremshwa kutoka uniti 100 kwa mwezi hatta uniti 30. Mtu wa uniti 60 hakuondoka mahali pake, ila mpaka umempita. Tena katika ankara za nchi hiyo zimo nyongeza za gharama ya mafuta na za kupanda na kushuka kwa fedha za kigeni, zibadilikazo kila mwezi na kuchapwa katika Gazeti la Serikali, na juu yake kodi ya 16 kwa mia. Bei ya asili husikizwa barazani, nyongeza hizi hufuata kanuni iliyokwisha wekwa. Si lazima kuwe na hila ndani yake, maana mafuta hupanda kwa kweli. Lakini mtu aliyeitwa kusema juu ya bei ya asili tu, ilhali sehemu kubwa ya anacholipa iko mahali pengine, ameitwa nusu ya mwito.

Wako wanaopinga, na yapasa wasikizwe. Husema kwanza kuwa kuarifu kila mtu ni gharama, na gharama hiyo itarudi katika bei. Hilo lingekuwa na nguvu zamani za kupeleka barua kwa miguu. Leo mwenye mita ya kulipia kabla hupata tarakimu zake kwa simu, na mwenye ankara huletewa karatasi au ujumbe kila mwezi. Mstari mmoja zaidi hauna gharama ya kutajwa. Husema pili kuwa watu wakiulizwa watakataa daima. Watakataa wengi, naam. Lakini kadhi halazimiki kumpa haki mwenye kulia sana. Anawasikiza kwa ajili ya lile neno moja ambalo halimo katika makaratasi ya kampuni, kwamba mtaa fulani hulipishwa maji ilhali mifereji yake hutoa upepo siku nne katika saba, au kwamba mashine ya kusaga ya kijiji itafungwa. Maneno hayo hayajulikani kwa mahasibu.

Upinzani wa tatu ndio wenye uzito kwangu. Husemwa kuwa ukiwaarifu watu mapema kuwa bei itapanda, wataficha bidhaa. Katika mafuta ya petroli jambo hili ni la kweli: mwenye kituo akijua ya kesho, leo atafunga pampu. Kwa hivyo sioni ubaya bei za mafuta kutangazwa siku ile ile zianzapo, maadamu kanuni yake yajulikana. Katika maji na umeme mwenye kuuza hawezi kuficha kwa njia hiyo, lakini mnunuzi aweza kujiwekea, kwani mwenye mita ya kulipia kabla aweza kununua uniti za miezi mitatu kwa bei ya zamani. Na ni nani awezaye? Mwenye fedha mkononi. Bibi wa barafu hununua za siku mbili. Basi hapa khabari yenyewe yaweza kumfaa tajiri kuliko maskini, na silioni jibu lake kamili, illa mamlaka iweke kikomo cha kununua katika siku hizo, au iridhike kuwa khasara hiyo ni ndogo kuliko ile ya watu kuhukumiwa wakiwa hawapo. Mimi naridhika na hili la pili, na mwenye rai nyingine asilaumiwe.

Nimeyasema haya kwa bibi yule siku moja nikinunua mkate kwake. Akanisikiza mpaka mwisho, huku akigeuza mkate, kisha akaniuliza kama ile ofisi haijui nyumba yake iko wapi. Nikamwambia yaijua. Akasema, "Wakinidai huja mpaka mlangoni." Tangu siku ile hunipa ankara yake kila mwezi nimsomee pande zote mbili, na upande wa nyuma mpaka leo ni mweupe.